Karata Aliyo Nayo

Ninyi wa rika langu mtaikumbuka gundi ya unga wa ngano. Unakoroga unga na maji kwenye kopo, unaliweka motoni mpaka uji uwe mzito na kung'aa, kisha unabandika unachotaka: jalada la daftari, picha ya gazeti ukutani, hata kiraka cha mwamvuli ukiwa na imani. Baada ya muda, hasa kwenye baridi yetu ya Usambara isiyokausha kitu, gundi hiyo huchacha, na harufu yake ni ya uji uliosahaulika sufuriani. Juzi mjukuu wangu alifundishwa shuleni kuitengeneza, akaja na kopo lake nyumbani akijisifu. Alipolifunua nilishindwa kuendelea kuchambua mboga. Nilimwona mama yangu ameketi kwenye mkeka, mgongo umeegemea ukuta wa jiko, mkononi ameshika karata.

Karata zenyewe zilitengenezwa na mwalimu kijana aliyeletwa shuleni kwetu, juu kidogo ya Lukozi, miaka ile ya ujamaa ambapo kila kitu kilipaswa kuwa cha pamoja. Tulikuwa na shamba la pamoja na duka la pamoja. Hata kwaya ya kanisani, mwenyekiti wa kijiji alitaka iitwe kwaya ya pamoja, kana kwamba kuna kwaya ya mtu mmoja. Mwalimu aliwakuta wavulana wakubwa wakicheza karata nyuma ya duka, akasikitika. Alisema karata za kunyang'anyana ndizo zinazomfundisha mtu unyonyaji. Basi akakata maboksi ya sabuni, akabandika karatasi kwa gundi ile, akachora mchezo wake mwenyewe. Kaka yangu Hoza, aliyekuwa wa kwanza darasani mwake na hakutuacha tukasahau jambo hilo, alizawadiwa seti moja.

Mchezo ulikuwa hivi. Kulikuwa na mazao manne: mahindi, maharage, viazi na kabichi. Kila zao lilikuwa na karata za kulima, kupanda, kupalilia, kuvuna na kuweka ghalani. Wachezaji walizitoa katikati ya mkeka kwa mpangilio, kila mmoja kwa zamu yake. Ukiweka kuvuna kabla ya kupalilia, mvua imenyesha vibaya, na ikinyesha vibaya mara tatu shamba limekwenda. Hapakuwa na mshindi wala mshindwa. Sote tulivuna, au sote tulilala njaa.

Sheria aliziandika kwa wino ndani ya kifuniko cha boksi. Zilikuwa chache na nzuri, isipokuwa moja iliyotutesa: "Mchezaji asimwambie mwenzake karata aliyo nayo. Maneno yanayoruhusiwa ni mawili tu, toa na ngoja."

Nyumbani tulisema Kishambaa. Kiswahili kilikuwa cha shule, cha ofisi na cha redio, nacho tulikishika kwa mikono miwili kama sahani ya wageni. Kwa hiyo neno likishaandikwa kwa Kiswahili, sisi tulilipima kila upande. Hoza alisema maana iko wazi.

"Usimwambie mwenzako karata uliyo nayo wewe. Mbona rahisi."

"Imeandikwa aliyo nayo," nilisema. "Aliyo nayo nani? Inaweza kuwa ni mwenzake."

"Mwenzangu karata zake anaziona. Nitakatazwaje kumwambia kitu anachokiona?"

"Labda hazioni. Labda zinashikwa zikitazama nje."

"Nani duniani asiyejua kitu alicho nacho mkononi mwake?"

Sikuwa na jibu, lakini kukosa jibu hakujawahi kunifanya nikubali. Tulijaribu hata kuigeuza sentensi iwe Kishambaa, ikabaki na utata uleule. Tulipokwenda kumuuliza mwalimu tukakuta amepata uhamisho, lori la kabichi limemteremsha Mombo asubuhi ile. Basi tukacheza kwa tafsiri ya Hoza, kwa kuwa ndiye mkubwa, kila mtu akiziangalia karata zake na kuziba mdomo. Karibu kila mara tulilala njaa.

Katika siku hizo mama alianza kukonda huku tumbo likijaa. Bibi, mama yake baba, alidhani ni mimba, akaanza kumchagulia vyakula. Haikuwa mimba. Mdogo wetu Yona alikuwa bado hajasimama vizuri, na mama alipombeba mgongoni alilazimika kusimama njiani na kushika mti. Baba alimpeleka hospitali Lushoto, wakakaa huko, wakarudi na chupa za dawa na mama akiwa amenyamaza kuliko alivyokwenda. Mtu akimpa pole alijibu "niwedi", sijambo, na kugeukia kazi iliyo karibu.

Jioni hiyo baba alituita mimi na Hoza nyuma ya nyumba, penye rundo la kuni za miti ya miwati. Baba yangu alikuwa mtu wa maneno machache na alipokuwa na jambo zito alisema Kiswahili, kama mtu anayesoma tangazo.

"Mtu asimwambie mama yenu ugonjwa alio nao."

"Ni ugonjwa gani, baba?" Hoza aliuliza.

"Uvimbe. Uko tumboni, daktari anasema tumeshachelewa, haukatiki. Lakini mama yenu hajui. Akijua atakata tamaa, na mgonjwa akikata tamaa hakuna dawa itakayomshika. Mmenielewa?"

Sasa niseme nilichosikia mimi, maana ndicho kilichonitawala miezi yote iliyofuata. Sikusikia kwamba mama atakufa. Nilisikia sentensi. Asimwambie mama ugonjwa alio nao. Ilikuwa sentensi ileile ya kwenye kifuniko, na safari hii hapakuwa na shaka ni nani aliyekuwa nao. Baba alipoondoka nilimgeukia Hoza.

"Umemsikia? Alio nao nani?"

"Mama," Hoza alisema.

"Na yeye hajui. Umeona basi kwamba mtu anaweza kuwa na kitu asikijue."

Hoza alichukua kikwanja akaenda kukata majani ya ng'ombe, ingawa majani yalikuwepo, akarudi macho mekundu. Mimi nikafurahi kwamba kwa mara ya kwanza nimemshinda kaka yangu kwa hoja.

Kuanzia hapo tulizigeuza karata. Kila mtu alizishika zikitazama nje, wenzake wanaziona, yeye haoni, na yale maneno mawili yakapata kazi. Ukiona mwenzako ameshika kupanda viazi na viazi vimeshalimwa, unamwambia toa, naye anatoa kwa kukuamini. Ulikuwa mchezo mwingine kabisa. Mama alipoona tunacheka akaanza kuja mkekani alasiri, ukungu ukishafunga bonde na shambani hakuendeki, naye hakuwa na nguvu za kwenda hata kama kungekuwa kweupe. Yona alilala mapajani pake. Mama alishika karata zake zikitutazama, lakini hakungoja tumwambie toa wala ngoja. Alitupitishia macho mmoja mmoja, kisha akachomoa karata na kuiweka, na mara nyingi ilikuwa sawasawa.

"Mama, unachungulia," Hoza alimtania.

"Sichungulii. Ninyi mkiitazama karata yangu, nyuso zenu zinaisoma kwa sauti."

Tulivuna sana siku hizo. Na hapo ndipo akili yangu ilipochukua hatua ambayo mtoto yeyote angeichukua. Kama katika mchezo tunavuna kwa sababu hakuna anayemwambia mwenzake alicho nacho, basi na mama atapona kwa sababu hiyohiyo. Ilitegemea sisi tu. Mmoja akiteleza, mvua itanyesha vibaya kwa wote. Nikawa askari wa nyumba. Jirani akija kumjulia hali nilimpa shikamoo nikaketi karibu, nikimkazia macho asije akasema neno. Hoza akiwa na huzuni mezani nilimkanyaga mguu. Mficha maradhi kilio humuumbua, wanasema wahenga, lakini sisi tulimficha mgonjwa maradhi yake mwenyewe, na nadhani hilo wahenga hawakulifikiria.

Bibi naye alikuwa na mipango yake. Siku moja, akipepeta maharage nje ya jiko, alimwambia baba kwa Kishambaa, bila kushusha sauti vya kutosha, kwamba suala la Yona lisimsumbue. Binti yupo. Ataacha shule, atamlea mdogo wake, mbona yeye bibi alilea wadogo zake na hakufa. Baba hakukubali wala hakukataa. Mimi nilikuwa ndani ya jiko nachochea moto, na mama alikuwa ndani pia, anamenya viazi. Kisu chake kilisimama kidogo, kisha kikaendelea. Nilimtazama nikihofia amesikia kwamba ni mgonjwa. Kuhusu shule yangu sikufikiri chochote, kwani mama angepona.

Alijaribu kusema na baba. Nilimsikia mara kadhaa. "Baba Hoza, kuhusu Yona, mimi nilikuwa nafikiri..." Na baba, kwa upendo wote aliokuwa nao, alimkatisha. "Utamlea mwenyewe. Kunywa dawa." Alijaribu kwa bibi, bibi akamwambia asijitabirie mabaya. Sasa ndipo ninapoelewa alivyokuwa amefungiwa. Kwetu, neno la mtu anayekwenda halipingwi, hata awe mke aliyeolewa jana, hata linapomuudhi mkwewe. Lakini mtu anayeambiwa kila siku kwamba atapona hana wosia wa kuacha. Akisema, anaonekana analalamika tu kama wagonjwa wengine, na akishakufa kila mtu atafanya alivyoona yeye. Mama alikuwa anaishiwa na siku, na hapakuwa na mtu wa kukubali kwamba zinaisha.

Jumapili moja mdogo wake mama alikuja kutoka Gare. Tulimwita mama mdogo. Alikuwa ameolewa huko kwa watu wa misheni, akaacha kanisa letu akawa Mkatoliki, jambo ambalo bibi hakumsamehe, na hakuwa amejaliwa mtoto. Alileta mapeasi kwenye kikapu na kumbeba Yona tangu alipoingia. Tulikuwa tumetoka ibadani. Baba naye hakuwa na pa kwenda, akaketi, na mama akamwambia, "Leo ucheze na wewe." Baba hakupenda karata za aina yoyote. Akaketi mkekani hata hivyo, kwa sababu wakati ule hakuna kitu ambacho angemnyima.

Hoza aligawa. Sote tukazigeuza karata zetu zitazame nje. Mama alizichukua zake, akazigeuza upande wake, akaziangalia moja baada ya nyingine.

"Mama, umeziona," Hoza alisema.

"Nimeziona."

"Sheria hairuhusu."

"Nisomee sheria."

Hoza alichukua kifuniko akasoma. "Mchezaji asimwambie mwenzake karata aliyo nayo."

Mama alinigeukia mimi. "Wewe ndiye uliyesema maana yake ni karata ya mwenzake. Sivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo nimekatazwa kumwambia baba yenu aliyo nayo yeye."

"Ndiyo."

"Na yangu mimi? Nikitaka kusema yangu, nimekatazwa?"

Nilifikiri kwa makini, maana nilipenda kuulizwa. Niliipima sentensi upande huu na upande ule. Kwa tafsiri ya Hoza ilikatazwa. Kwa tafsiri yangu, hapana.

"Haikatazi," nilisema. "Ya kwako unaweza kusema."

"Haya. Basi mimi nina karata ya kuvuna viazi." Akaiweka katikati ya mkeka, taratibu. "Na nina uvimbe tumboni ambao hautatoka. Nitakufa nao."

Mama mdogo alimkumbatia Yona kwa nguvu mpaka akalia.

"Mama Hoza, usiseme maneno hayo," baba alisema. "Utapona."

"Sitapona, Baba Hoza. Nimejua tangu jioni ile mlipotoka nyuma ya nyumba na Hoza akashindwa kunitazama. Nilikuwa nasubiri mniambie. Nikaona mnanificha ili nisivunjike moyo, na mimi nikawafichia ninyi ili msivunjike moyo. Tungefichana mpaka lini? Sasa nisikilize, nisije nikaondoka na maneno mdomoni."

Baba aliinamisha kichwa. Nilielewa jambo moja tu pale, kwamba kumbe tafsiri ya Hoza, ya kutomwambia mwenzako ulicho nacho wewe, nayo ilikuwa imeshikwa humu ndani muda wote, na aliyeishika ni mama.

"Yona aende Gare," alisema. "Mama yake mdogo atamlea. Na huyu," akaniwekea mkono kichwani, "abaki shule. Asitolewe mpaka mwisho wa madarasa yatakayomkubali. Hilo ndilo neno langu."

"Mama yangu amesema..." baba alianza.

"Najua alichosema mama. Nilikuwa jikoni, na ukuta ni wa udongo."

"Gare watambatiza kwa padri."

"Mvua ya Gare na mvua ya huku inanyeshwa na nani?"

Baba alikaa akizitazama karata zilizokuwa mkononi mwake, ambazo kwa kuchanganyikiwa alikuwa amezigeuza upande wake, ingawa sidhani kama alikuwa anaona kitu. Kisha akauliza, kwa Kishambaa, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Inauma sana?"

"Inauma," mama alisema. "Usiku zaidi."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo hata siku moja. Tulikuwa tukimwambia anaendelea vizuri. Baba alisogea akaketi karibu naye, mbele yetu, akamshika mkono, jambo ambalo wazazi wa wakati ule hawakulifanya mbele ya watoto. Hoza alitoka nje. Mimi nilipandwa na hasira, na sioni haya kuitaja. Nilikusanya karata zote nikazitupia kwenye boksi bila mpangilio. Tulikuwa tumevumilia muda wote ule, hatujateleza, na yeye mwenyewe ndiye amekuja kuharibu. Na amenitumia mimi.

"Njoo," mama aliniita.

"Sasa tutakosa wote," nilimwambia nikilia.

"Tungekosa wote kama ningenyamaza. Wewe ulisoma vizuri. Usiache kusoma hivyo."

Sikumwelewa, wala sikutaka kumwelewa. Nililala kwenye mapaja yake, mahali pa Yona, nikasikia jinsi alivyokuwa anapumua kama mtu anayepanda kilima. Alinuka dawa na moshi wa miwati. Siku hiyo ndiyo niliyojua kwamba mama yangu atakufa, na nililijua kutoka kwake mwenyewe, kabla ya kuambiwa na watu waliovaa kaniki za msiba.

Muda uliobaki haukuwa mrefu, ila nyumba yetu haikuwahi kuzungumza namna ile. Mama alisema kila kitu. Alimwambia mama mdogo kwamba Yona hapati usingizi mpaka asuguliwe sikio la kushoto, na kwamba ampeleke amefungwa kwa khanga yake ya njano aliyoizoea harufu. Alimwambia Hoza asijifanye baba wa watu kabla ya wakati. Alimfundisha baba kupika ugali usio na madonge, baba akaunguza, tukacheka mpaka mama akashika tumbo kwa maumivu, tukanyamaza, na yeye akatuambia tuendelee kucheka. Bibi alipoambiwa habari za Gare alifura. Baba alimjibu kwa adabu, amesimama, mikono nyuma. "Mama, si langu. Ni neno lake mwenyewe, amelisema akijua." Bibi alinyamaza siku nyingi. Kisha akaanza kuja alasiri kumkanda mama miguu, na wakawa wanazungumza wawili tu, mambo yao, ambayo hatukuyajua.

Alifariki maharage yakiwa yanakauka mashambani, asubuhi, baba amemshika. Watu walijaa uwanjani mpaka njiani, na baridi ilikuwa kali hata wenye makoti walisogeleana. Mimi niliketi chini pembeni ya benchi la wanaume, karibu na miguu ya baba, kwa sababu sikutaka kuwa mbali naye. Mzee mmoja wa jirani, mtu mwema aliyekuja kila wiki kumjulia mama hali na kumwambia rangi yake imerudi, aliinama akamshika baba bega.

"Pole, Baba Hoza. Shukuru Mungu kwa moja, alimfichia. Amekwenda hajui."

Baba aliinua uso. Nilidhani ataitikia tu, maana ndivyo mfiwa anavyofanya, anaitikia kila analoambiwa.

"Alijua," baba alisema. "Tuliagana."

Mzee akaketi naye. Tulipoanua tanga, mama mdogo alimfunga Yona mgongoni kwa khanga ya njano, bibi akamwekea viazi vya kuchemsha vya njiani, wakashika njia ya Gare kabla jua halijatoka. Jumatatu baba aliniamsha mwenyewe, akanipikia uji, nikaenda shule.